Msasa Kabla ya Kekee

"Peleka kwa fundi, akutoboe upya."

Maneno hayo nimeyasikia mara nyingi kuliko jina langu katika ukumbi tunaochezea bolingi kila Jumamosi hapa Grand Rapids, Michigan. Tufe likitumbukia mfereji wa kushoto, peleka kwa fundi. Likipinda mapema likazipita pini za mbele, peleka kwa fundi. Likikataa kupinda kabisa, basi ni fundi yule wa ng'ambo ya mto, maana huyu wa karibu hajui vipimo. Anayeongoza kwaya hiyo ni mkubwa wetu mmoja, mtu wa Kasongo, ambaye sisi Wakongomani wa hapa tunamwita Yaya. Heshima yake simpunguzii hata chembe. Ila katika jambo hili Yaya amepotea, wanaomfuata wamepotea naye, na upotevu wenyewe unakula fedha.

Nianze na walio nyumbani, nisije nikawaacha njiani. Mimi ni mzaliwa wa Kama, na siku niliyoondoka Maniema sikuwa nimeona ukumbi wa bolingi hata kwenye picha. Fikiria njia nyembamba, laini kama meza iliyopigwa vanishi, urefu wake mita 18.29 kutoka mstari wa kurushia hadi pini ya kwanza, upana wake mita 1 na sentimita 5 hivi. Mwishoni zimesimama pini 10 kwa umbo la pembetatu. Unavingirisha tufe lisilozidi ratili 16, yaani kilo 7 na robo, uziangushe zote. Zikibaki, una nafasi ya pili. Zamu hiyo nzima huitwa fremu. Na usidhani njia ni kavu: sehemu kubwa ya mwanzo hupakwa mafuta mepesi ambayo macho hayayaoni, na huku mwisho huachwa bila kitu. Tufe huteleza kwenye mafuta, hufika pakavu likashika, ndipo linapinda na kuingia katikati ya pini kwa mshazari.

Wachezaji wengi huingiza vidole vitatu, gumba kikiwemo. Sisi wa mikono miwili huingiza viwili tu, cha kati na cha pete, na mkono wa pili hulikumbatia tufe kwa pembeni mpaka dakika ya mwisho. Gumba hukaa nje. Tunachovuna ni mizunguko. Mtu mzuri wa mkono mmoja hulizungusha tufe mara 300 na ushei kwa dakika. Wa mikono miwili huvuka 400, na wengine 500. Mtindo huu ulichekwa sana kabla haujaogopwa. Jason Belmonte wa Orange, Australia, aliuanza akiwa mtoto wa mwaka mmoja na nusu katika ukumbi wa wazazi wake, kwa sababu tufe lilimshinda kwa mkono mmoja. Hadi 2023 alikuwa ametwaa mataji makubwa 15 ya PBA, chama cha wachezaji wa kulipwa, idadi ambayo hakuna mwingine aliyeifikia. Hapo kicheko kikaisha.

Kilichobaki baada ya kicheko ni nadharia. Watu walikubali kwamba mikono miwili ina nguvu, kisha wakasema nguvu hiyo haina adabu, na adabu yake huletwa na kekee.

Niiseme nadharia yao kwa haki, maana si ya kijinga. Ndani ya tufe la kisasa kuna kiini kizito ambacho si duara. Kina umbo la balbu, au la kitu kilichobonyezwa ubavu. Tufe linapozunguka, kiini hicho kisicho sawa hulifanya libadili mhimili wake kidogokidogo, hivyo kila mzunguko ganda hugusa njia kwa ukanda mpya. Ukilitazama tufe linaporudi utaona pete za mafuta zimepangana kama pete za mti. Fundi akitoboa matundu karibu na alama ya kiini, ile inayoonyesha kwa nje kiini kilipoelekea, au mbali nayo, pete hizo hupanuka au hubanana. Umbali wa inchi 3 na robo tatu za nusu, kama wasemavyo mafundi wetu kwa utani, kati ya alama hiyo na ncha ya mhimili wa mzunguko wa mchezaji, huzitawanya kuliko umbali mwingine wowote. Marehemu Mo Pinel, mbunifu wa viini aliyefariki 2021, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kueleza mambo haya, na mfumo wake wa kupima pembe bado umebandikwa kwenye kuta za maduka. Kwa hiyo Yaya anaposema matundu hubadili mwendo wa tufe, hasemi uongo. Tunachogombania ni kiasi, na utaratibu: kipi kishughulikiwe kwanza mtu anapopoteza udhibiti?

Jibu lililonifungua macho halikutoka dukani. Nina mpwa wangu anayeendesha pikipiki, hubeba watu na mizigo kutoka Kama mpaka Kalima, mvua au jua. Nilimtumia ujumbe wa sauti nikimweleza ugomvi wetu, kiini, matundu, mafuta, vyote. Akanijibu kwa sentensi moja: "Mujomba, piki-piki ikiteleza mu potopoto, munafungua moteri?"

Hawafungui. Motari aliyekwama kwenye utelezi huangalia gurudumu. Hutazama meno ya tairi yamelika kiasi gani, hupunguza upepo, hufunga mnyororo au kamba kama tope limezidi. Injini inaweza kuwa na kasoro zake, lakini haigusi ardhi. Kinachogusa ardhi ni mpira wa tairi, na hapo ndipo ugomvi wa kushika na kuteleza huamuliwa.

Tufe nalo hugusa njia kwa ganda. Historia nzima ya mchezo huu ni historia ya ganda. Kwanza lilikuwa gogo la mti mgumu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikaja raba, baadaye poliesta, miaka ya 1980 ikaja uretani, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 rezini ile inayong'ata pakavu kama paka anayepanda ukuta. Kila ganda jipya lilipofika, alama zilipanda na kumbi zikalazimika kubadili mafuta. Watafiti wa USBC, shirikisho la mchezo huu Marekani, walipokaa Greendale, Wisconsin, wakapima kwa mitambo ni vitu gani vinavyoamua mwendo wa tufe, ukwaruzo wa ganda ulikuja mstari wa mbele kabisa. Wanaoabudu kekee huupita utafiti huo kimyakimya, nadhani kwa sababu msasa hauna siri. Msasa anao kila mtu.

Mimi mwenyewe nilifanya jaribio la kimaskini. Nilikuwa na tufe moja la rezini ambalo lilinitesa. Likigusa mafuta kidogo zaidi, linakwenda moja kwa moja kama treni. Likikosa mafuta kwa upana wa kidole, linageuka kwa hasira na kuvuka pini ya mbele. Yaya akanipa dawa yake ya kawaida: ziba matundu, toboa mengine, mbali na alama. Badala yake nikakaa chini jikoni na karatasi za msasa zinazouzwa kwa ajili ya kazi hii. Hupewa namba, na namba ikiwa ndogo mkwaruzo huwa mkali. Nikalisugua kwa 500, nikaenda kucheza: lilianza kushika mapema mno, likafika kwenye pini limechoka, likazipapasa. Nikalisugua kwa 3000 na kulipaka mng'aro: uleule wazimu wa mwanzo, tena mbaya zaidi. Nikalirudisha kwa 2000 bila mng'aro, na ile hasira ikapungua. Bado lilipinda, ila sasa kosa langu la upana wa kidole lilinigharimu pini moja au mbili badala ya fremu nzima. Matundu hayakuguswa hata unywele.

Hapa mtu wa mikono miwili anapaswa kusikiliza zaidi kuliko mwingine yeyote. Ushauri anaopewa madukani ni kwamba, kwa kuwa mizunguko yake ni mingi, achukue ganda linalong'aa ili tufe lisipinde mapema. Kwenye mafuta machache ushauri huo una akili. Kwenye njia ya kawaida ya ukumbi, yenye mafuta mengi katikati na machache pembeni, mng'aro huongeza tofauti kati ya penye mafuta na pakavu, na mizunguko 450 huikuza tofauti hiyo mara ya pili. Matokeo yake ndiyo yale yanayoitwa kukosa udhibiti. Mkono wake haukukosa. Ganda lake ndilo linalosoma njia kwa makelele. Mkwaruzo kidogo hulifanya lisome kwa sauti ya wastani. Ila afanye hivyo kabla ya mashindano, maana kanuni za USBC haziruhusu kugusa ganda kwa msasa mchezo ukishaanza. Na alifute mafuta kila baada ya kucheza, kwa sababu rezini hunywa mafuta, na tufe lililoshiba mafuta hufa polepole huku mwenyewe akiwalaumu mafundi.

Najua Yaya atanijia na 2020. Huja nayo kila mara. Tarehe 1 Agosti mwaka huo USBC ilipiga marufuku tundu la mizani, lile tundu la ziada lililotobolewa kwenye tufe bila kuingizwa kidole. "Kama matundu hayana nguvu," huuliza Yaya akinyoosha shingo, "serikali ya bolingi ingeyahofia kwa nini?"

Swali zuri. Ila litazame tundu lenyewe. Lilikuwa tundu lisilo la kidole, wakati mwingine la kina kirefu, lililochimbwa mahali palipochaguliwa ili kula sehemu ya kiini na kukibadili umbo. Huo ni upasuaji, haufanani na kutoboa pa kushikia. Na katika mabadiliko hayohayo USBC ilifanya jambo ambalo Yaya halitaji: ililegeza kikomo cha tofauti ya uzito kati ya upande mmoja wa tufe na mwingine, kutoka aunsi 1 hadi aunsi 3. Vizazi vya mafundi walikuwa wamepima aunsi hizo kwa mizani ya duka la dhahabu, wakiwaambia wateja kwamba nusu aunsi upande wa kulia italitiisha tufe lao. Shirikisho lenyewe likaona hapana hatari ya kuziachia mara tatu. Yaya akitaka 2020 aichukue yote, na nusu ile isiyompendeza.

Na mwaka huohuo kulikuwa na jambo jingine lililotugusa sisi wa mikono miwili moja kwa moja. Sheria ilisema kila tundu la kushikia lazima litumike katika kila mrusho. Tufe lenye tundu la gumba ambalo huliingizi gumba likawa haramu mkononi mwetu. Lisilo na tundu la gumba nalo likatakiwa kuwekwa alama mahali kiganja kinapokaa, ili mtu asiligeuze juu chini katikati ya mchezo na kupata mipangilio miwili kwa bei ya tufe moja. Mimi nilikumbana na sheria hii kwa njia ya aibu. Nilinunua tufe lililotumika, zuri, la bei ya kirafiki, likiwa na matundu matatu. Hakuna dukani aliyeniuliza narushaje. Nilicheza michezo miwili, kisha mama mmoja wa ligi, mpole sana, akaja kuniambia kwamba alama zangu hazitahesabiwa. Ikanibidi nizibe lile tundu, na malipo ya kuziba yakakaribia bei ya tufe lenyewe.

Sasa nifike mahali ambapo kekee ina kazi kubwa, kwa sababu sitaki mtu aseme nawachukia mafundi. Kazi ya tundu ni kushika kidole. Basi. Na kwa mtu wa mikono miwili kazi hiyo ni nzito kuliko kwa mwingine, ingawa madukani hufikiriwa kinyume.

Wa vidole vitatu hupimwa kama bwana harusi anayeshonewa suti. Fundi hupima umbali kutoka gumba hadi vidole, huinamisha tundu la gumba huku na huku, hulisugua, humwambia arushe, hulisugua tena. Akija wa mikono miwili, fundi hulitazama gumba lisiloingia popote, hutabasamu, na kusema kazi ni rahisi. Matundu mawili, ala mbili laini za saizi iliyopo kwenye droo, dakika 20, lipa nenda. Nimeyaona haya katika maduka zaidi ya moja. Hesabu yao ni kwamba pasipo gumba hapana cha kupima.

Lakini hebu fikiri. Tufe la ratili 15, uzito ambao wengi wa wachezaji wa kulipwa wanautumia siku hizi, ni kilo 6.8. Mkono wa pili unapoliachia, muda mfupi kabla ya kuondoka, kilo zote hizo, pamoja na kasi ya mbio na mvuto wa mzunguko, hubebwa na vidole viwili ambavyo kwa kawaida havibebi kitu kizito kuliko ndoo. Tundu likiwa pana kwa unene wa utepe mmoja, vidole hujikunja vyenyewe kulizuia tufe lisiponyoke. Kidole kilichojikunja huchelewa kuachia. Kikichelewa, mkono huzunguka upande, na tufe huondoka likiwa limekosa shabaha. Digrii moja tu ya kosa pale kwenye mstari huwa sentimita 32 likifika kwenye pini ya mbele, karibu theluthi moja ya upana wa njia. Hakuna mpangilio wa kiini duniani utakaolirudisha tufe hilo.

Kisha kuna kidole cha pete. Si kirefu sawa na cha kati, wala hakina nguvu sawa, na kwa sisi wa mikono miwili ndicho hubaki cha mwisho ndani ya tufe. Tundu lake likielekezwa vibaya, likiinamia kiganja kupita kiasi, tufe hung'ang'ania. Likiinamia nje, huponyoka kabla ya wakati. Mwombe mtu wa mikono miwili akuoneshe kidole hicho. Lengelenge likiwa kwenye ncha, tundu linamkwaruza anapoachia. Sugu ikiwa ubavuni, kidole kinazunguka ndani. Hizo ni barua ambazo tufe humwandikia fundi kila Jumamosi, na fundi hazisomi kwa sababu ameshaelekeza macho kwenye alama ya kiini. Halafu vidole vyenyewe havilali vikiwa vilevile. Wengi wetu hapa tunatoka zamu za kiwandani. Jioni vidole vimevimba, asubuhi ya Jumapili vimesinyaa. Tepe mbili tatu mfukoni, za kubandika na kubandua ndani ya tundu, zina thamani kuliko tufe la pili.

Kuna kundi jingine linalojiona limempita Yaya kwa werevu. Wao husema: achana na rezini, shika uretani, itakutuliza. Uretani kweli hupinda kwa upole, na Jesper Svensson wa Sweden, mtu wa mikono miwili arushaye kwa kushoto, ameitumia kuwaumiza wengi. Ila hawa nao hutafuta dawa kwenye chupa iliyoandikwa jina la mtu mwingine. Mwaka 2022 USBC iliyaondoa katika mashindano yake ya kitaifa matufe ya uretani ya Purple Hammer yaliyotengenezwa 2016 na 2017, kwa sababu ganda lake lilipimwa likaonekana laini kuliko kiwango. Watu waliokuwa wamejenga mchezo wao wote juu ya tufe hilo wakabaki wanatafuta la kushika. Na tazama kilichopimwa: ugumu wa ganda. Safari hii pia kesi ilikuwa ya ganda.

Neno moja juu ya pini zinazobaki, kisha niwaache. Mchezaji asiyepiga straiki hata moja, yaani kuangusha zote kwa mrusho wa kwanza, ambaye kila fremu huangusha 9 kisha akamalizia iliyobaki, hupata 190. Katika ligi yetu hiyo ni alama ya kupigiwa makofi. Lakini wengi wetu wa mikono miwili tuna matufe matatu yanayopinda na hatuna hata moja linalonyooka. Pini ya pembeni kulia ikibaki peke yake, tunairushia tufe lililotengenezwa kukimbilia kushoto, kisha tunashangaa. Tufe la poliesta, lile la ganda gumu lisilojali mafuta, ni la bei ya chini kuliko yote dukani. Hakuna anayelitaka, kwa sababu halina hadithi.

Tufe jipya la rezini pamoja na kutobolewa hupita dola 200. Sisemi watu wasifurahie jasho lao. Nasema nimeona mtu akinunua la tatu ndani ya msimu mmoja, kila mara kwa sababu lililopita "halikutobolewa vizuri", na mtu huyohuyo akaniomba radhi kwamba mwezi huu hana cha kutuma nyumbani. Karatasi ya msasa haifiki bei ya sahani ya chakula.

Jumamosi iliyopita Yaya alikuja na jipya, la nne, jekundu kama mawese, lililotobolewa na fundi wa ng'ambo ya mto kwa vipimo ambavyo alivisoma kutoka kwenye karatasi kama mtu anayesoma wosia. Fremu ya kwanza, mfereji. Ya pili, mfereji wa upande wa pili. Akaketi, akapangusa jasho, akasema labda alama ya kiini imesogea kwa robo inchi. Sikubishana naye, kwani watoto wake walikuwepo. Niliomba tu kulishika. Nikaingiza kidole changu cha pete kwenye tundu lake mpaka kiungo cha kwanza, na kikacheza humo ndani kama mchi ndani ya kinu. Na vidole vya Yaya ni vyembamba kuliko vyangu.